Noti ya Mahameli

Sehemu ya tisa

"Placide? Mama, Placide tulimuzika. Miaka mbili imepita."

Hapo ndipo tulipomwacha Tabia wiki jana, ndugu msomaji. Kwenye korido ya ghorofa ya pili, Yeoville, Johannesburg, Jumapili saa nne asubuhi. Kajifukiza udi, kavaa mtandio mpya, na mlango mbele yake umefunguliwa nusu na mwanamke mwembamba asiyemjua.

Kwa aliyejiunga nasi leo: Tabia ni mshonaji wa Tanga, umri hamsini na mbili. Mchana anarekebisha nguo za watu katika duka la dobi huko Randburg, jioni anarudi peke yake kwenye chumba cha uani. Furaha yake ni moja. Anakusanya noti za dharura za Wajerumani, zile ambazo miji yao ilijichapishia yenyewe miaka mia iliyopita, pesa ya serikali ilipooza mpaka mkate mmoja ukauzwa kwa mabilioni. Placide, Mkongo wa Bukavu, ndiye mkusanyaji mwenzake. Miaka minne wameandikiana kwenye simu na kubadilishana noti kwa bahasha walizoachiana dukani kwa muuza stempu, bila kuonana hata siku moja. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mkoba ulimteleza Tabia begani. Akaudaka.

"Placide wa noti za Kijerumani?"

"Huyo huyo. Miye ni mke yake. Jeannine."

"Mke?"

"Mke. Sasa mjane."

Tabia alitaka kucheka, kisha akataka kukaa chini palepale sakafuni. Hakufanya hata moja.

"Dada," akasema, "kama amekufa miaka miwili iliyopita, nani ananiandikia mimi?"

Yule mwanamke akamtazama upya, toka mtandio mpaka viatu.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Tabia."

Jeannine akajiziba mdomo kwa kiganja. "Tabia wa Randburg? Tabia wa vitambaa?"

"Ndiye."

"Mungu wangu. Umejuaje hapa? Ingia. Ingia mbio, korido hii iko na masikio."

Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Chini yao, katika duka lililogeuzwa kanisa, kwaya ilikuwa imeshika moto, na ngoma zilipanda kwa sakafu mpaka kwenye nyayo. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume katika fremu nyeusi.

Tabia alikuwa hajapata kuiona sura ya Placide. Kwenye WhatsApp aliweka picha ya noti. Kumbe ndiye huyu: mtu mdogo, miwani mikubwa, tai imemzidi shingo, mabega ya mwanafunzi. Kwa miaka minne Tabia alikuwa amempa mwili mwingine kabisa, na sasa aliona haya, maana aliyesimama naye chini ya picha ile ni mkewe.

"Kaa, mama."

"Sikai. Nijibu nilichouliza."

"Ni miye."

"Ni wewe nini?"

"Miye njo nilikuwa nakuandikia."

Kwaya ilinyamaza chini. Au labda ni masikio ya Tabia yaliyoziba.

Yalimrudia yote, moja baada ya jingine. Miaka miwili ya mwanzo yeye na Placide walizungumza noti tu: karatasi, mihuri, tarehe. Miaka miwili ya pili ndipo moyo ulipoingia. Alimwandikia habari za mumewe, Mwadini. Mwaka ule wa elfu mbili na nane, wageni walipovamiwa Johannesburg, walikimbia mtaa wa Alexandra pamoja, yeye kabeba cherehani kichwani, na Mwadini akatangulia Tanga akisema atamtumia nauli. Hakutuma nauli. Alituma habari kuwa ameoa. Alimwandikia habari za bintiye Samira, aliyeko Midrand, anayepiga simu siku ya Idi na kuongea Kiingereza kitupu. Akamwandikia kwamba hupika wali wa watu wawili kwa sababu hajui kuupima wa mmoja. Na kwamba akifika chumbani jioni hutoa salamu, chumba kikiwa hakina mtu.

"Umesoma yote?"

"Yote."

"Mkacheka na wenzako."

"Sikucheka."

"Mtu mzima mimi nimekwambia mambo ambayo sikumwambia hata mama yangu mzazi! Nadhani naongea na mwanamume mstaarabu, mwenye haya zake, kumbe... Kwa nini hukusema? 'Placide amekufa, pole dada, kwaheri.' Maneno matano!"

"Nilitaka."

"Ulitaka!"

"Sikia basi, mama. Nisikie, kisha unipige kama unataka." Jeannine alikuwa amesimama kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. "Tulimuzika siku ya tano. Wiki moja batu walijaa hapa, wanaimba, wanakula. Wiki ya pili, hakuna. Simu yake ilikaa pale juu ya friji, kimya. Siku moja ikalia. Ilikuwa wewe. Unauliza kama Placide iko na noti ya kitani yenye nembo ya mji, ingine kama ile yako."

Tabia alikikumbuka kile kitani.

"Katika Johannesburg hii yote," Jeannine akaendelea, "wewe tu njo mutu ambaye kwake Placide alikuwa angali muzima. Nikasema nitakwambia kesho. Nikajibu, 'Ndiyo, iko.' Ukafurahi sana. Kesho yake nikasema tena kesho."

"Miaka miwili ya kesho."

"Hakuna mwingine alikuwa ananiandikia, mama. Na ile mambo ya kusalimu nyumba... Miye pia nasalimu. Nilikuwa nadhani ni kichwa yangu imeharibika."

Hapo Tabia alikaa. Msidhani alisamehe.

Jeannine akaweka maji jikoni, akaona gesi imekwisha, akazima. Chini mchungaji alikuwa anapiga kelele za kumkemea shetani.

"Sikuja kwa ajili ya mtu," Tabia akasema mwishowe, na uongo ule ulikuwa mkubwa kuliko chumba. "Nilikuja kuchukua mahameli yangu. Nipe, niende zangu."

Mahameli hiyo, wasomaji wa siku zote mnaijua. Bielefeld ulikuwa mji wa wafumaji, na wakati wa shida ile walichapa pesa juu ya vitambaa: kitani, hariri, hata mahameli. Tabia alianza na kipande kimoja cha kitani alichokikuta ndani ya bitana ya koti la bibi mmoja wa Kijerumani. Bibi akamwambia kaa nacho, mimi sina wa kumwachia. Tabia akakigeuza, akakipeleka kwenye taa, akahesabu nyuzi zake. Pesa ya kushonwa! Tangu siku ile hakupona. Hariri alizipata. Mahameli hakuwahi hata kuigusa. Placide alikuwa nayo moja, na alikuwa haitoi, mpaka Ijumaa hii ulipokuja ujumbe kwamba aje aichukue.

Placide naye alikuwa na sababu yake. Utotoni, wakati pesa ya Kongo ikiitwa zaire, baba yake alilipwa mshahara kwa noti ya milioni tano ambayo hakuna duka lililoikubali. Mzee akarudi nayo nyumbani, akaiweka mezani, watoto wakalala na njaa wakiitazama. "Nakusanya hizi," alimwandikia Tabia mwaka wa kwanza, "nipate kujua hatukuwa wajinga peke yetu."

Jeannine hakusogea.

"Mahameli," Tabia akarudia.

"Mama, ukifungua ile alibamu utanichukia tena."

"Nimeshaanza. Lete."

Jeannine akapanda kiti, akashusha sanduku toka juu ya kabati. Ndani, chini ya suti ya marehemu, mlikuwa na albamu nene ya ngozi ya kahawia. Tabia aliijua kwa picha. Placide aliwahi kumtumia kurasa zake moja moja, kila noti katika mfuko wake wa plastiki, maandishi madogo ya kalamu nyeusi chini yake.

Akaifungua.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu.

Wa pili mtupu. Wa tatu. Akafunua kwa haraka, kumi, ishirini, mifuko ya plastiki iking'aa bila kitu ndani, na chini ya kila mmoja mwandiko wa marehemu ukitaja noti ambayo haipo.

"Umeuza!" Tabia akaruka. "Mwanamke wee, mtu hajaoza kaburini umemuuzia maisha yake!"

"Sikuuza hata moja."

"Ziko wapi basi?"

"Ziko kwako."

Tabia akaiweka albamu mezani.

"Zote ziko kwako, Randburg," Jeannine akasema polepole. "Miye sijui mambo ya noti. Sikuwa na la kukwambia. Lakini niliona, nikikutumia noti moja, unaniandikia siku tatu. Unaeleza nyuzi, unaeleza rangi, kisha unaeleza maisha yako. Ikiisha, kunakuwa kimya. Basi natoa ingine. Napeleka kule dukani kwa muuza stempu, unachukua, unaandika tena siku tatu."

Tabia akatazama kurasa zile. Alizitambua sasa kwa majina. Noti ya ngozi ya mji wa Osterwieck, aliipokea wiki ya Ramadhani. Hariri nyekundu, siku aliyougua mafua akakaa ndani siku nne. Yeye alijua wanabadilishana. Kila noti aliyopokea aliilipia kwa noti yake.

"Na zangu nilizokuletea?"

Jeannine akavuta kopo la biskuti toka chini ya kitanda. Bahasha zote zilikuwamo. Zimefunguliwa, barua zimechakaa kwa kusomwa, noti ziko ndani vilevile hazijaguswa.

"Sikujua pa kuziweka," akasema. "Nilikuwa nasoma ile karatasi tu."

Tabia alifunga kopo. Akalifungua tena. Hakujua mikono yake inataka nini.

"Sasa sikiliza ubaya wenyewe," Jeannine akasema. "Placide iko na mudogo yake. André. Ni mlinzi, Midrand, kazi moja na watu wa kwenu. Jumanne anapanda basi kwenda Bukavu. Mama yao ni mzee, anataka alibamu ya mtoto yake, ailalie kitandani. André anakuja kuichukua leo. Saa sita."

Tabia akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika arobaini.

"Akiikuta hivi?"

"Atasema nimekula mali ya kaka yake. Wataniita kwenye simu, familia yote, kila mutu na neno yake. Miye sina mtoto, mama. Nilikuwa mke yao kwa sababu ya Placide. Wakinikata, sina kwetu tena. Nitakuwa mutu wa bure katika mji huu."

"Mwambie ukweli."

"André? Ule mutu hata salamu anaipima kwa kijiko. Mwaka wa kumi sasa, sijasikia akicheka."

Chini waumini waliitikia amina, mara tatu.

Tabia akaona albamu yake kule Randburg, juu ya rafu, karibu na cherehani. Jioni akitoka kazini anaishusha, anaifungua mezani, anakula wali wake akiitazama. Bila albamu ile, jioni ina nini? Ina redio. Ina mbwa wa mwenye nyumba. Akafikiri pia kwamba mwanamke huyu alimdanganya miaka miwili, na kwamba ana haki ya kunyanyuka sasa hivi, kushuka ngazi zile na kumwachia moto wake.

"Noti zake kwangu ni mia na kumi na saba," akasema.

"Sijui hesabu."

"Mimi naijua. Nitazirudisha."

"Ngapi?"

"Si nimekwambia mia na kumi na saba? Zote. Nitabaki na kile kitani changu cha kwanza na hizi zangu za kwenye kopo." Alisema kwa ukali, kama anayegomba. "Jumapili teksi za shida. Nikiondoka sasa, nitarudi saa nane. Akija, mwambie albamu umempelekea fundi, jalada limeachia. Fundi ni mimi. Si uongo mkubwa."

Jeannine alimshika mkono akaubusu kabla Tabia hajauvuta.

"Acha hayo. Nisome mwandiko wake vizuri nijue ipi inakaa wapi." Tabia akafunua kurasa mpaka mwisho kabisa. Pale, chini ya mfuko mkubwa kuliko yote, Placide alikuwa ameandika: *Mahameli, Bielefeld. Hii haitoki.*

Mfuko ule nao ulikuwa mtupu.

"Hii sikuipata mimi," Tabia akasema.

Jeannine akainama. Akapitisha kidole ndani ya plastiki. "Hapana. Hapana, hii sikuitoa. Hii aliniambia hospitali, 'Jeannine, zote sawa, ile hapana.' Iko wapi?"

"Nakuuliza wewe. Si umeniandikia juzi, ukanipa na anwani, nije niichukue?"

"Nani?"

"Wewe. Ijumaa. Ndiyo maana nimekuja."

"Mama Tabia, miye sijakuandikia tangu Pasaka."

Tabia akaufungua mkoba.

"Simu ya Placide ilipotea Pasaka," Jeannine akasema. "Siku ya misa yake ya ukumbusho. Nyumba ilijaa batu, nikaiweka juu ya friji, jioni haiko. Nililia kuliko siku ya maziko, kwa sababu namba yako ilikuwa ndani mule tu. Nilijua umeandika, hukujibiwa, ukachoka, basi."

Tabia alitoa simu yake. Akafungua jina la Placide, akamwekea mbele.

Sasa ni mwezi wa nane. Toka Pasaka mpaka Ijumaa, hakuna siku iliyopita bila ujumbe.

Jeannine alisoma akitembeza midomo. Alisoma kwa muda mrefu.

"Hii si miye," akasema. "'Umekula nini leo?' Si miye. 'Mgongo bado unauma?' Si miye. Ona Kiswahili hiki, miye naweza kuandika hivi? Hii ni ya watu wa kwenu."

Tabia alikuwa ameliona hilo zamani. Alidhani Placide anajifunza lugha kwake. Alijisifu kimoyomoyo. Aliona pia kwamba tangu Pasaka bahasha zilikoma kabisa na maneno yakaongezeka, akajipa jibu tamu: mtu amechoka kujificha nyuma ya noti.

"Na hii," Jeannine akasema, akisogeza ujumbe kwa kidole. "'Lala salama, mpenzi.' Mama, miye niliwahi kukuita mpenzi?"

Hakuwahi. Tabia alilijua vizuri neno lile lilianza lini. Tarehe tatu mwezi wa tano. Alikuwa amesimama kwenye roboti ya barabarani huko Randburg, taa ikawaka kijani, watu wakavuka, yeye akabaki.

"Ulimpa nini kingine?" Jeannine akauliza. "Umemwambia unakaa wapi? Ulimtumia pesa?"

"Hakuomba kitu. Hata mara moja." Tabia akafikiri. "Aliomba shati. Hapana, hakuomba. Mimi ndiye niliyesema nitamshonea."

Akatoa kifurushi kwenye mkoba, akafungua karatasi. Shati jeupe, kola ya kusimama, darizi ya mkono kifuani kama wanavyovaa Tanga siku ya Idi. Miezi miwili alilishona, jioni kwa jioni.

Jeannine akalishika mabegani, akalinyoosha hewani. Kisha akalisogeza mpaka kwenye picha ya marehemu ukutani. Lilimeza fremu na nafasi ikabaki.

"Hiki kipimo kilitoka wapi?"

"Alinitumia mwenyewe. Kifua arobaini na sita."

"Placide hakufika hata thelathini na nane. Nguo zake tulikuwa tunanunua za wavulana." Jeannine akashusha shati taratibu. "Mama, mutu amekutumia mwili yake ya kweli."

Fikiri, msomaji, yaliyompata Tabia pale. Kwanza alimpoteza Placide mlangoni, bila hata nafasi ya kumlilia, kwa kuwa mwenye kilio yupo. Akaja akampata Jeannine badala yake, naye kwa shida akaanza kumkubali. Sasa anaambiwa kuna wa tatu. Mwizi wa simu, ambaye kwa miezi minne alimuuliza kila jioni amekula nini. Na hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyemuuliza hivyo.

Hofu ilimjia, hilo hatutamfichia. Lakini pamoja nayo lilimjia jambo alilolionea aibu zaidi. Alitaka huyo mwizi asiwe mtu mbaya.

"Nani anaingia humu?" akauliza kwa sauti ya chini. "Anayeweza kufungua sanduku lile na kutoa mahameli?"

"Hakuna. Tangu ile misa hakuna anayekuja."

"Gesi unaletewa na nani?"

Jeannine akafungua mdomo ajibu.

Mlango ukagongwa.

Mara mbili, polepole, kama mtu anayegonga lakini hataki kusikika. Saa ilikuwa bado haijafika tano.

"Ficha alibamu," Jeannine akanong'ona.

Tabia aliisukuma chini ya mto wa kiti na kuukalia. Shati lilibaki mezani, mikono imetandazwa. Jeannine akajifunga kitambaa upya, akavuta komeo.

Mwanamume aliyesimama nje alikuwa na mtungi wa gesi begani. Ilibidi ageuke ubavu ndipo apite mlangoni. Alivaa sare ya ulinzi, viatu vimepakwa rangi mpaka vinang'aa, na usoni palikuwa na kitu cha ile picha ya ukutani, ila kimepanuliwa na kuchoshwa. Akautua mtungi pembeni ya jiko bila kutoa mlio.

"Shemeji," akasema.

"André. Umekuja mapema. Alibamu, mama mmoja fundi..."

Hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameliona shati. Akalitazama, akaitazama ile darizi ya kifuani kwa muda, wala hakuligusa. Kisha akainua macho akamwona aliyekaa kitini, na yule mtu ambaye hata salamu huipima kwa kijiko akavua kofia yake.

"Da Tabia."

Hakuna aliyemtajia jina.

Jeannine akageuka kumtazama mmoja, akamtazama na mwingine.

André alikuwa anaizungusha kofia mikononi, macho yameshuka toka usoni pa Tabia mpaka mapajani, palipokuwa na mkono wake wa kulia.

"Kile kidole," akasema taratibu. "Kilipona?"

Mwezi wa sita, siku ya baridi kali, sindano ya cherehani ilimpitia Tabia katikati ya kidole cha shahada mpaka ikatokea upande wa pili. Hakumwambia mwenye duka, alihofia kibarua. Wala hakumwambia Samira, angejibiwa kwa neno moja la Kiingereza. Aliandika kwenye simu tu, kwa mkono wa kushoto, damu ikitiririka kwenye sinki. Na aliyekuwa upande wa pili wa simu alikaa naye mpaka damu ikakata, akimwelekeza namna ya kufunga bandeji, na kwa siku kumi na moja zilizofuata akamuuliza asubuhi na jioni.

"Kidole gani?" Jeannine akauliza.

Tabia aliufunika mkono kwa mtandio. Chini, kwaya ilianza wimbo mwingine.

"Kidole gani, André?"